Ubunifu Kazini Huanzia kwenye Kero: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika ofisi nyingi za Nairobi, ubunifu umeachiwa watu wachache: wa matangazo, wa kompyuta, na wakubwa wanaopelekwa semina. Wengine wote, kuanzia karani wa ankara hadi mlinzi wa lango, kazi yao ni kutekeleza. Naona huo ni upotevu mkubwa, kwa sababu anayejua mahali kazi inapokwama ni yule anayepigiwa simu na mteja saa mbili asubuhi akiulizwa mzigo uko wapi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kampuni inayotumia akili za watu watatu kati ya arobaini inalipa mishahara mingi bure.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa kawaida na msimamizi wa kitengo kidogo. Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kampuni, ya kubuni tu, inayosambaza spea za magari kutoka ghala la Industrial Area hadi madukani Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Utahitaji daftari, saa moja kila wiki, wenzako wanne au watano, na bosi mmoja aliye tayari kunyamaza kwa robo saa. Hilo la mwisho ndilo gumu kupata, na tutalifikia.

Hatua ya 1: Fungua daftari la kero

Usianze kwa kutafuta wazo. Ukimwambia mtu "leta wazo jipya" atakutazama tu, au atakuletea alichosikia kampuni jirani inafanya. Anza na kero. Kwa wiki mbili, kila kazi inapokwama andika mambo manne: kilichotokea, mahali kilipotokea, aliyesubiri na muda aliosubiri, na alichofanya ili ajinasue.

"Huduma yetu ni mbovu" ni lawama, haikusaidii kitu. Kero iliyoandikwa vizuri husomeka hivi: "Jumanne, dawati la ankara. Hati sita za kupokelea mizigo zimerudi bila muhuri wa mteja. Mhasibu amekataa kutoa ankara mpaka muhuri upatikane. Dereva amewapigia wateja watatu kwa simu yake mwenyewe, wakapiga muhuri kwenye karatasi nyingine na kumtumia picha kwa WhatsApp."

Lile jambo la nne ndilo lenye utajiri. Watu hawangoji kampuni iwape suluhisho, hujitafutia njia ya panya. Dereva wa mfano wetu tayari amebuni mfumo wake wa kuthibitisha mizigo, anaugharimia kwa pesa zake za simu, na hakuna mkubwa anayejua. Kila ofisi ina mambo ya namna hii: karani mwenye jedwali lake la siri kwa sababu mfumo rasmi ni mzito, mpokea wageni anayewaandika wateja kwenye kijikaratasi ili wasipigane foleni, fundi anayebeba bisibisi ya nyumbani. Ukitaka kujua kampuni yako inahitaji nini, tazama watu wanafanya nini wakati hakuna anayewatazama.

M-Pesa yenyewe ilipita njia hiyo. Majaribio yalipoanza mwaka wa 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha watu kupokea na kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini waliopewa huduma hiyo ya majaribio walianza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa, kulipana wao kwa wao, kuwatumia jamaa walio mbali. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa tayari wakitumiana salio la simu kama pesa. Waliokuwa wakisimamia majaribio wangeweza kusema watu wanatumia mfumo vibaya na kuwaziba. Wao walitazama, wakaelewa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata kila mtu mtaani anayajua.

Sharti moja: usiandike majina kwenye daftari hili. Siku wenzako watakapohisi kwamba njia zao za panya zinapelekwa kwa ofisi ya wafanyakazi, watazificha, na wewe utabaki na daftari la malalamiko yako peke yako.

Hatua ya 2: Nenda ukaone kwa macho

Chagua kero moja inayojirudia kuliko zote, kisha toka ofisini uifuate inakotokea. Taiichi Ohno, mmoja wa waliojenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota nchini Japani, anakumbukwa kwa kuwasimamisha wahandisi ndani ya duara la chaki lililochorwa kwenye sakafu ya kiwanda, watazame kazi kwa saa nyingi hadi waone kilichokuwa mbele ya macho yao muda wote. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mtu aliyezoea kazi fulani kwa miaka kumi huwa haioni tena, na hapo inabidi aambiwe.

Kwa mfano wetu, panda lori na dereva. Mnatoka ghalani kabla ya saa moja ili kuiwahi jam, na mnafika Kirinyaga Road maduka ndiyo yanafunguliwa. Hakuna pa kuegesha, magari yanatengenezwa kando ya barabara, na dereva hathubutu kuliacha lori. Kijana wa duka anapokea maboksi, anayahesabu vizuri, anaandika jina lake. Ukimuuliza muhuri anakujibu, "Bosi, stampu iko kwa droo ya madam, na funguo anayo yeye. Anafika saa nne."

Sasa tumia kwa nini tano, mbinu inayohusishwa na Sakichi Toyoda, mwasisi wa kampuni mama ya Toyota. Hati hazina muhuri kwa nini? Kwa sababu muhuri umefungiwa. Umefungiwa kwa nini? Kwa sababu unawekwa pamoja na pesa. Unawekwa na pesa kwa nini? Kwa sababu mfanyakazi wa zamani aliwahi kuutumia kuchukua bidhaa kwa mkopo, na mwenye duka akalipia mali ambayo hakuiagiza. Ilikuwaje muhuri peke yake ukatosha kumchukulia mkopo? Kwa sababu sisi wauzaji tukiona muhuri hatumuulizi mwenyewe. Hatumuulizi kwa nini? Kwa sababu nambari tuliyonayo ni ya simu ya duka, na huipokea kijana yuleyule.

Angalia safari hiyo ilikoishia. Ofisini kila mtu alidhani tatizo ni uzembe wa dereva, na dawa iliyokuwa inaandaliwa ni barua ya onyo. Kumbe madam wa duka anajilinda dhidi ya udhaifu ulio katika utaratibu wetu. Barua ya onyo isingefungua ile droo hata kidogo.

Ila usimrushie mtu "kwa nini" tano mfululizo usoni. Katika mazingira yetu hayo ni mahojiano ya polisi, na atakupa jibu la kujiokoa. Mwambie, "Hebu nieleze, hapa huwa inakuwaje?" halafu ukae kimya. Zile kwa nini ziulize daftari lako.

Hatua ya 3: Igeuze kero kuwa swali

Hii ni kazi ya dakika kumi, lakini ukiiruka kikao kizima kitapotea. Andika swali linaloanza na "Tufanyeje ili..." na uliandike kwa namna tatu tofauti. "Tufanyeje ili madereva warudi na muhuri?" Hilo ni finyu, tayari limeshaamua kwamba jibu ni muhuri. "Tufanyeje ili wateja watuamini?" Hilo ni pana mno, litazaa hotuba. "Tufanyeje ili mwenye duka athibitishe mzigo hata kama hayupo dukani?" Hilo lina mlango. Swali zuri humtaja mtu anayesumbuka na halitaji suluhisho.

Hatua ya 4: Andikeni kabla ya kusema

Hapa ndipo mawazo mengi ya Nairobi hufia. Mkutano unaitwa, chai inaletwa, bosi anafungua kwa kusema, "Mimi ninaona tufanye hivi, lakini nataka kusikia maoni yenu." Kimya. Mmoja anaunga mkono, wa pili anaongezea kidogo, wa tatu anasema yote yameshasemwa. Mkutano umekwisha, na kila mtu anarudi mezani na wazo lake tumboni.

Vikao vya kuchemsha bongo vilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, aliyeandika kanuni zake mwaka wa 1953: msikosoe, tafuteni wingi, karibisheni wazo la ajabu, jengeni juu ya wazo la mwenzako. Kanuni ni nzuri. Lakini mwaka wa 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, na mazuri zaidi. Mwaka wa 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: katika kundi ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Ukingoja zamu yako, wazo linapotea au unaacha kuzalisha jingine. Ongeza juu ya hapo heshima yetu kwa wakubwa, na utaona kwa nini mikutano yetu ni mikavu.

Basi fanyeni hivi. Andika swali la Hatua ya 3 ubaoni. Mpe kila mtu vikaratasi vinane na dakika kumi za kimya kabisa, simu zikiwa zimegeuzwa. Wazo moja kwenye karatasi moja, bila jina. Kusanya, changanya, kisha mtu wa cheo cha chini kabisa chumbani ayasome yote kwa sauti. Hakuna kukosoa wakati wa kusoma, hata kwa kuguna au kucheka. Baada ya kusoma, pita mara ya pili kwa dakika tano: kila mmoja achukue wazo la mtu mwingine na kuliongezea kitu. Bosi huandika kama wengine, na akizungumza, awe wa mwisho. Kama hawezi kujizuia, bora asiingie kikao hicho, aletewe matokeo baadaye.

Mambo mawili hupuuzwa hapa. La kwanza ni lugha. Waruhusu watu waandike kwa Kiswahili, kwa Sheng, hata kwa lugha ya mama kama kuna wa kuwasomea. Nimeona watu wenye akili kali wakigeuka mabubu ofisini kwa sababu kikao kinaendeshwa kwa Kiingereza cha ripoti, na mtu akiwa na kazi ya kutafuta sarufi hana nafasi ya kutafuta wazo. La pili ni nani yuko chumbani. Kwa kero ya hati za mizigo, dereva na turnboi wake, yaani utingo, lazima wawepo, na mlinzi anayejua saa halisi ya lori kutoka. Mhasibu pia awepo, maana yeye ndiye anayekataa hati, na mtu asiyehusishwa katika wazo huwa wa kwanza kulikataa.

Hatua ya 5: Azima kwa wengine

Mkiwa na mawazo ishirini mezani, msichague bado. Mengi yatakuwa yaleyale ambayo kila mtu angeyafikiria. Sasa tokeni mkaazime.

Tazama jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno chembamba linalouzwa kila soko la Kenya. Lilibuniwa miaka ya mwanzo ya 1980 kwa kuazima kutoka jiko la Thailand lenye umbo la ndoo na bitana ya udongo, kisha likarekebishwa hapa. Jiko letu la zamani lilikuwa bati tupu, joto likitokea ubavuni. Wataalamu wa nishati pamoja na mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Kamukunji, walilirudia umbo hadi likapata kitako kipana kisichopinduka mtu anaposonga ugali, na bitana ya udongo inayoshikilia joto. Bati liliendelea kuwa kazi ya mafundi wa bati, udongo ukawa wa wafinyanzi. Waliliazima, wakalibadilisha kwa ajili ya mpishi wa hapa, na likaenea.

Mji huu umejaa watu waliokwisha kutatua matatizo yanayofanana na yako. Ukiwa na shida ya kupanga bidhaa kwa ubora, nenda Gikomba asubuhi mtumba unapofunguliwa, uone wanavyotenga "kamera" ya kwanza, yaani nguo bora kabisa, na zinazofuata kwa sekunde, bila kompyuta yoyote. Ukiwa na shida ya watu kusubiri, kaa kwenye stendi ya matatu ya Ngara saa kumi na moja jioni utazame kondakta anavyojaza gari na kulitoa. Kwa shida ya kuthibitisha aliyepokea mzigo, waulize wanaotuma vifurushi kwa magari ya abiria kwenda mashambani wanatumia nini ili kifurushi kisichukuliwe na mtu mwingine. Kuuliza si ujinga, na watu wengi hufurahia kueleza kazi yao ikiwa umekuja kwa heshima na si saa ya wateja wengi.

Mkirudi, yapitisheni mawazo yenu kwenye maswali haya, yanayotokana na orodha ya Osborn ambayo Bob Eberle aliipanga upya mwaka wa 1971. Tunaweza kuondoa nini? Muhuri wenyewe. Tunaweza kuunganisha nini? Uthibitisho wa oda na uthibitisho wa kupokea. Tunaweza kubadilisha nini na nini? Muhuri wa wino kwa ujumbe wa simu. Tunaweza kugeuza mpangilio? Mwenye duka athibitishe jioni, kabla lori halijatoka, badala ya asubuhi baada ya mzigo kufika.

Mimi huongeza swali langu moja, ambalo limefungua milango mingi kuliko yote: hili ni sheria au ni mazoea? Muulizeni mhasibu, bila ugomvi, ni nani aliyesema lazima kuwe na muhuri. Mara nyingi jibu ni kwamba ndivyo alivyokuta.

Hatua ya 6: Acha lilale

Usilazimishe uamuzi siku hiyohiyo. Mwaka wa 1926 Mwingereza Graham Wallas alieleza hatua nne za ubunifu, na ya pili kati yake ni kuliacha jambo lipevuke akilini huku ukifanya mengine. Kutembea kunasaidia: utafiti wa Marilyn Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford, wa mwaka wa 2014, ulionyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya zaidi wanapotembea kuliko wanapoketi, hata wakitembea juu ya mashine ndani ya chumba. Kwa hiyo saa ya chakula zunguka bustani ya Uhuru Park au ya Jeevanjee, na ukiwa kwenye matatu ya kwenda nyumbani jaribu kuiweka simu mfukoni kwa nusu ya safari. Daftari liwe karibu.

Hatua ya 7: Jaribu kwa udogo

Chagueni wazo moja ambalo mnaweza kulijaribu ndani ya wiki mbili, kwa wateja wachache, bila kununua kitu. Andikeni kabla ya kuanza: tunajaribu nini, kwa nani, tutapima nini, tutaacha lini, na tukiona nini tutakubali kwamba halifai. Hilo la mwisho liandikwe mapema kwa sababu mtu akishalipenda wazo lake hulitafutia udhuru.

Kwa mfano wetu: wateja watano wa Kirinyaga Road. Jioni kabla ya mzigo, ujumbe mfupi unatumwa kwa simu ya mwenye duka mwenyewe ukiorodhesha bidhaa na bei, naye anajibu "sawa". Asubuhi kijana wa duka anapokea, anaandika jina na nambari ya kitambulisho. Muhuri hautakiwi. Kipimo ni hati ngapi mhasibu amezipokea siku hiyohiyo, zikilinganishwa na wiki mbili zilizopita kwenye daftari la kero.

Kabla ya kuanza, fanyeni zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilipendekeza: jifanyeni kwamba wiki mbili zimekwisha na jaribio limeshindwa vibaya. Kila mtu aandike sababu. Zoezi hili humpa mwoga ruhusa ya kusema, kwa sababu hapingi wazo la bosi, anaeleza tu jambo ambalo "limeshatokea". Mmoja ataandika kwamba ujumbe ulifika saa tatu usiku, mwenye duka alikuwa amelala. Basi utumwe saa kumi na moja. Mwingine ataandika kwamba vijana wa maduka walikataa kuacha nambari za vitambulisho. Na wana haki: nambari hiyo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakutaka usikusanye zaidi ya unachohitaji. Basi ondoeni nambari, mwenye duka awataje mapema watu wawili wanaoweza kumpokelea, na sahihi zao zihifadhiwe. Jaribio limeboreka na bado hamjatumia hata shilingi.

Likishindwa kweli, liandikeni na mlihifadhi. Mwaka wa 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi dhaifu ambayo haikuwa na matumizi. Hakuitupa, aliendelea kuwaeleza wenzake, na mwaka wa 1974 Art Fry, mfanyakazi mwenzake, akaona kwamba inafaa kushikilia alama za kurasa zisidondoke. Karatasi zile za kubandika na kubandua ziliingia sokoni kote Marekani mwaka wa 1980. Kwa hiyo tenga kurasa za mwisho za daftari kwa mawazo yaliyolala, na kila miezi mitatu yasomwe tena na mtu mpya.

Hatua ya 8: Lipeleke kwa mkubwa, na lilinde jina la mwenye wazo

Usiende kwa bosi na wazo tupu. Nenda na ukurasa mmoja: kero, mlichoona mlipokwenda, jaribio, matokeo, na unachoomba. Sentensi ya kwanza iwe ya matokeo. "Bosi, kwa wateja watano tuliojaribu nao, ankara zinatoka siku hiyohiyo. Ninaomba tuongeze wateja wengine kumi mwezi ujao. Ukurasa huu hapa." Ukianza na "nilikuwa nafikiria kwamba labda tungeweza", umempa nafasi ya kusema mfikirie tena.

Na wewe uliye bosi, sehemu hii nakuomba uisome mara mbili. Wazo likifika mezani pako, jibu ndani ya wiki moja. "Hapana, kwa sababu hii" ni jibu zuri kuliko "tutaliangalia", kwa kuwa mtu akijua sababu anaweza kurudi na wazo bora. Toyota imekuwa na utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi tangu mwaka wa 1951, na umedumu kwa sababu mawazo hayo husomwa na kujibiwa. Sanduku la maoni lenye kufuli, pale mapokezini, ambalo hakuna anayekumbuka lilifunguliwa lini, linawafundisha watu kila asubuhi kwamba hawasikilizwi. Ling'oe, au liwekee siku ya kufunguliwa mbele ya watu.

Taja jina la aliyetoa wazo. Litaje kwenye mkutano, liandike kwenye ripoti, na kama kuna posho au marupurupu yamfikie yeye. Hakuna kinachoua ubunifu haraka kama karani kusikia wazo lake likisemwa na meneja kwenye mkutano wa wakurugenzi kama lake. Hatalalamika. Ataendelea kuja kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja, na hutasikia wazo lingine kutoka kwake. Amy Edmondson wa Harvard, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini Marekani miaka ya 1990, alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi, si machache. Sababu ni kwamba wauguzi wa timu hizo walikuwa huru kuyasema. Kitengo chako kikiwa hakina kero hata moja kwenye daftari, usifurahi. Jiulize watu wanaogopa nini.

Kuna pia upande wa sheria. Kama ulichobuni ni kifaa au njia mpya ya kutengeneza kitu, soma mkataba wako wa kazi kabla ya kukitangaza. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001, uvumbuzi ambao mfanyakazi ameufanya katika kazi aliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida huwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ndiyo inayosajili hataza, yaani haki za uvumbuzi, hapa Kenya, na swali la nani mwenye haki ni rahisi kujibiwa kabla ya kitu kuanza kuleta pesa kuliko baada.

Ratiba ya mwezi wa kwanza

Wiki ya kwanza na ya pili ni za daftari tu. Usimwambie mtu unatafuta ubunifu, sema unataka kujua kazi inakwama wapi. Mwisho wa wiki ya pili chagua kero moja, toka ukaione, kisha andika maswali yako matatu. Wiki ya tatu fanyeni kikao kimoja cha kuandika, kisichozidi dakika arobaini na tano. Alhamisi ni siku nzuri, kwa sababu Jumatatu watu wana mizigo ya wikendi na Ijumaa mioyo iko njiani kwenda nyumbani. Tumieni siku zinazobaki kuazima kwa wengine. Wiki ya nne jaribio lianze, hata kama halijakamilika.

Na kama uko mahali ambapo hakuna anayetaka kusikia, bosi hanyamazi na wenzako wamekata tamaa, anza na kero ambayo haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Kila meza inayo: majina ya faili yasiyoeleweka, fomu unayoijaza mara mbili kwa taarifa zilezile, swali ambalo wateja kumi hukuuliza kila siku na unalijibu upya kila mara. Liandike jibu hilo kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, na ulibandike mahali wateja wanapopanga foleni. Halafu hesabu kwa wiki moja ni wangapi bado wanauliza, na wanauliza nini hasa, ili urekebishe karatasi Jumatatu inayofuata.